Haidrojeni kutoka kwenye mabaki ya chakula: jibu kwa mkusanya taka wa Temeke

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu sita tunakusanya mabaki ya chakula sokoni na kwa mama lishe huku Temeke, Dar es Salaam, na kwa siku tunafikisha kama tani moja. Nimeona video ya watafiti wanaotia mabaki ya chakula kwenye mtambo wenye kichocheo wakapata haidrojeni. Je, nasi tunaweza kuitengeneza, tukaijaza kwenye mitungi ya kupikia na kuendeshea bajaji? Na hicho kichocheo kinapatikana wapi?"

Marahaba, kijana wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ni la mtu ambaye tayari anazishika taka kwa mikono yake, na mtu wa namna hiyo anastahili kujibiwa kwa hesabu. Jibu fupi ni kwamba haidrojeni imo kweli ndani ya mabaki ya chakula, na kemia ya kuitoa inajulikana vizuri. Lakini kwa tani moja kwa siku, na kwa matumizi uliyoyataja, hatua itakayowalipa ni bayogesi, yaani gesi ya kuwaka inayotolewa na bakteria wanapoozesha taka ndani ya tangi lisiloingiza hewa, na haidrojeni ni hatua ya baadaye ambayo huenda msiihitaji kabisa. Kuhusu kuijaza kwenye mitungi ya kupikia, jibu ni hapana, na sababu zake nitazieleza kwa kirefu kwa kuwa zinagusa uhai wa watu.

Tuanze na mahali haidrojeni inapotoka. Wali, ugali, viazi na maganda ya ndizi, ukiondoa maji yaliyomo, kwa sehemu kubwa ni wanga na nyuzi, na vyote viwili vimejengwa kwa sukari ya glukosi iliyoungana minyororo mirefu. Gramu 180 za glukosi zikikutana na gramu 108 za maji na kuvunjwa hadi mwisho hutoa gramu 264 za kaboni dioksidi na gramu 24 za haidrojeni. Nusu ya haidrojeni hiyo haikutoka kwenye sukari bali kwenye maji, kwa sababu kaboni ya sukari huyapokonya maji oksijeni yake na kuiacha haidrojeni huru. Maana yake ni kwamba kilo moja ya sukari kavu haiwezi kwa njia hii kutoa zaidi ya gramu 133 za haidrojeni, awe nani aliyeutengeneza mtambo. Ukisikia mtu anaahidi zaidi ya hapo, mwulize nguvu ya ziada anaitoa wapi.

Kichocheo nacho ni kama dalali. Huwakutanisha wanaouziana, hupunguza mvutano, biashara ambayo ingechukua mwezi ikamalizika mchana mmoja, kisha yeye anabaki pale pale kuwangoja wateja wengine. Katika kemia, mvuke na gesi hutua juu ya uso wa metali, viungo vyao hulegea, vinaungana upya kwa namna nyingine, na metali inabaki ilivyokuwa. Lakini dalali, hata awe hodari namna gani, hawezi kuligeuza shamba la ekari moja kuwa la ekari mbili. Kichocheo huongeza kasi, na kikichaguliwa vizuri huelekeza mwitiko upande tunaoutaka. Hakiongezi nguvu iliyomo ndani ya chakula, wala hakiondoi haja ya joto pale kemia inapolidai. Nakuomba uishike nukta hii, kwa sababu matumaini mengi yaliyopotea katika fani hii yalipotelea hapo.

Kichocheo kinachofanya kazi kubwa zaidi duniani katika kutengeneza haidrojeni ni nikeli iliyotandazwa ndani ya matundu ya vidonge vya kauri ya alumina. Viwanda vya mbolea na vya kusafisha mafuta huipitisha gesi asilia pamoja na mvuke juu ya vidonge hivyo kwenye joto la nyuzijoto 800 hadi 900, na methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, huvunjika kuwa haidrojeni na kaboni monoksidi. Kisha kaboni monoksidi hukutanishwa na mvuke mwingine juu ya oksidi ya chuma, na baadaye juu ya shaba, ili itoke haidrojeni zaidi. Karibu haidrojeni yote inayotumika duniani leo inatokana na gesi asilia, makaa ya mawe na mafuta, wala si taka. Njia ya kuanzia kwenye sukari moja kwa moja ilipata msukumo mkubwa mwaka 2002, pale James Dumesic na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, walipoonyesha kwamba sukari na alkoholi zilizoyeyuka majini zinaweza kutoa haidrojeni juu ya platinamu kwenye nyuzijoto 225 hivi, maji yakiwa yamebanwa yasigeuke mvuke. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba nikeli iliyochanganywa na bati inaweza kushika nafasi ya platinamu, jambo lililopunguza sana gharama ya metali yenyewe. Ni kazi nzuri, nami huifundisha kila mwaka. Lakini kilichoingizwa kwenye vinu vile kilikuwa myeyuko safi wa kitu kimoja kinachojulikana. Ndoo yako haiko hivyo.

Niruhusu nikuonyeshe ndoo. Wakati fulani niliwapa wanafunzi wangu ndoo ya lita 20 iliyojazwa nyuma ya mgahawa mmoja, nikawaambia waimwage juu ya turubai na kuitenga kabla hatujazungumza habari ya kichocheo chochote. Walitoa wali uliogandamana na mchuzi wa maharage, maganda ya ndizi na ya viazi, vichwa vya dagaa, mifupa ya kuku, maganda ya mayai, kabichi iliyochacha na vipande vya limao. Walitoa pia vijiti vya meno, vifuniko vya soda, mifuko laini ya nailoni iliyokuwa na pilipili, na kijiko kimoja cha chuma ambacho bila shaka mwenyewe alikitafuta. Kilo kumi za kile kilichofaa tulizikausha kwenye tanuri la maabara usiku kucha, na asubuhi mizani ilisoma kilo mbili na gramu mia tatu. Kilichobaki chote kilikuwa maji, yamekwenda zake.

Matokeo hayo si ya mgahawa ule peke yake. Mabaki ya chakula karibu kila mahali huwa na maji asilimia 70 hadi 80. Tupige hesabu ya tani yako moja. Tukikadiria kwamba robo yake ndiyo kavu, unabakiwa na kilo 250 za kitu chenye manufaa na kilo 750 za maji. Kuyapasha maji hayo kutoka joto la kawaida hadi yachemke, kisha yageuke mvuke yote, kunahitaji takriban megajuli 1,900. Hiyo ni nguvu iliyomo kwenye kilo 65 hivi za mkaa, tena kama hakuna hata chembe ya joto inayopotea pembeni, na jikoni hakuna moto usiopoteza joto. Iweke kando namba hiyo, kwa sababu nitairudia. Ndiyo maana njia zote zinazotaka taka kavu, yaani kuzichoma kwa mvuke ndani ya tanuri la nyuzijoto 700 hadi 900 ili zigeuke gesi, hupendeza kwa pumba za mpunga na maranda ya mbao na huleta shida kwa mabaki ya mezani.

Watafiti walilitambua jambo hilo mapema, wakajaribu kuyageuza maji kuwa sehemu ya kazi. Maji yakipashwa kupita nyuzijoto 374 huku yakibanwa kwa zaidi ya mara 218 ya shinikizo la hewa tunayovuta, hayawi tena maji wala mvuke. Huwa kitu cha tatu kinachoyeyusha mafuta na kuvunja wanga kwa dakika chache. Humo chakula kibichi huweza kugeuzwa gesi bila kukaushwa kwanza, na vichocheo vya rutheni au nikeli, au chumvi za potasiamu, huamua gesi hiyo iwe zaidi haidrojeni au zaidi methani. Ni njia ninayoiheshimu kuliko nyingine zote kwa taka zenye maji. Kikwazo chake kiko kwenye mchuzi, kwa maana halisi ya neno hilo. Chumvi ya mezani inayoyeyuka vizuri kwenye maji ya kawaida haiyeyuki katika maji ya hali hiyo. Hujitenga, hugandamana kwenye kuta za bomba na kuliziba, na ile kloridi hula chuma. Bomba lililozibwa huku likiwa na shinikizo la namna hiyo ni hatari ambayo sitaki uikaribie kwa vifaa vya kuchomelea vya mtaani.

Adui wa pili wa kichocheo ni salfa. Protini za mayai, samaki, nyama na maharage zina salfa ndani yake, na kabichi, vitunguu na vitunguu saumu vinayo pia ya kwao. Chakula kinapooza, salfa hiyo hutoka kama haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Nikeli inaipenda salfa kuliko inavyoipenda methani, na ikishaishika haiiachi kwa urahisi. Niliwahi kuendesha kinu kidogo cha nikeli, bomba lenye upana wa kidole gumba, nikikilisha gesi iliyotoka kwenye pipa la mabaki ya chakula. Kwa uzembe wangu sikubadilisha kichujio cha salfa kilichokuwa kimechoka. Saa ya kwanza haidrojeni ilitoka kama vitabu vinavyosema. Kufikia saa ya tano, mstari kwenye kipimo ulikuwa umeshuka zaidi ya nusu, na nilipokifungua kinu siku iliyofuata nilikuta vidonge vya mlangoni vimepakwa masizi meusi, kwa sababu nikeli iliyolemewa ilikuwa imeacha kazi na kaboni ikaanza kujikusanya juu yake. Salfa iliyofanya uharibifu huo ilikuwa sehemu chache tu katika milioni. Tangu siku ile, mtu akiniuliza kuhusu kichocheo, swali langu la kwanza kwake linahusu kichujio.

Kuna jambo moja linalonifurahisha katika somo hili na ambalo wapishi wetu walilikaribia bila kulitafuta. Chumvi za alkali, yaani kabonati za sodiamu na potasiamu, huharakisha kweli mwitiko kati ya mvuke na makaa ya moto. Kabonati ya sodiamu ndiyo sehemu kubwa ya magadi tunayotia kwenye maharage ili yalainike, yale yanayotoka Ziwa Magadi na Ziwa Natron, na majivu ya maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi. Maganda ya mayai nayo ni kalsiamu kabonati karibu yote. Yakiokwa kwenye moto mkali huwa chokaa, na chokaa hiyo ndani ya tanuri huinyonya kaboni dioksidi na kusaidia kuivunja lami inayotoka kwenye taka. Kwa hiyo baadhi ya vichocheo viko tayari ndani ya ndoo yako. Sikuambii haya ili ukajenge tanuri la nyuzijoto 800 uani kwako. Nakuambia ili ujue kwamba kichocheo si lazima kiwe unga wa ajabu kutoka ng'ambo, na kwamba ugumu wa kazi hii uko kwingine.

Njia inayotumia mwanga wa jua nitaipita haraka. Kikundi cha Erwin Reisner katika Chuo Kikuu cha Cambridge kimeonyesha kwamba mabaki ya chakula, na hata plastiki, yanaweza kutoa haidrojeni yakiloweshwa majini pamoja na kichocheo kinachoamshwa na mwanga. Ni utafiti wa thamani, lakini kiasi kinachopatikana bado ni cha maabara, na baadhi ya vichocheo vyake vina kadimi, ambayo ni sumu.

Kuna pia bakteria wanaotoa haidrojeni gizani, bila metali yoyote. Ukichukua kinyesi cha ng'ombe ukakipasha moto vya kutosha kuwaua viumbe wanaotengeneza methani, wale wanaosalia kwa kujifunika ganda gumu huamka na kuila sukari wakitoa haidrojeni na kaboni dioksidi. Wakifanya kazi yao vizuri kabisa, kila gramu 180 za glukosi hutoa gramu 8 za haidrojeni, yaani theluthi moja ya kile kikomo cha gramu 24, na kwa kawaida hupatikana nusu ya hapo. Nguvu iliyobaki haijapotea. Imo kwenye siki na asidi nyingine zilizobaki ndani ya pipa, na siki hiyo ndiyo chakula kizuri cha wale watengeneza methani uliowaua mwanzoni. Kwa hiyo hata njia hii, ukiifuata kwa uaminifu, inakurudisha kwenye bayogesi.

Basi tuizungumze bayogesi, kwa kuwa hapo ndipo tani yako inapoanza kuwa mali. Tani moja ya mabaki ya chakula yaliyotengwa vizuri hutoa takriban meta za ujazo 100 za bayogesi, ambayo asilimia 60 hivi ni methani. Meta hizo 60 za methani zina nguvu ya megajuli 2,150 hivi, sawa na kilo 46 au 47 za gesi ya mitungi, yaani mitungi mitatu ya kilo 15 kila siku. Sasa irudishe ile namba niliyokuomba uiweke kando: kukausha tani hiyo hiyo kungekula megajuli 1,900. Bakteria wa bayogesi wanafanya kazi ndani ya maji, kwa joto la Dar es Salaam lililopo bure, na hawakudai hata senti ya kukaushiwa. Hakuna kichocheo cha metali kinachowashinda katika hali hiyo, nami nasema hivyo nikiwa mtu wa vichocheo.

Methani hiyo inaweza kugeuzwa haidrojeni kwa nikeli na mvuke, kama wanavyofanya wenye gesi asilia. Kwenye karatasi, meta za ujazo 60 za methani zinatoa kilo 21 za haidrojeni. Lakini mwitiko wenyewe unadai joto, kwa hiyo sehemu ya methani lazima ichomwe ili kuupa joto, na sehemu nyingine ya haidrojeni hupotea wakati wa kuitenga na kaboni dioksidi. Unabaki na kilo 12 hadi 15 kwa siku mtambo ukiwa mzuri. Kilo 13 za haidrojeni zina megajuli 1,560. Ulianza na 2,150, ukanunua kinu, kichujio, kichocheo na mashine ya kutenga gesi, ukamaliza ukiwa na pungufu ya zaidi ya robo, na bado hujaibana ndani ya tangi. Kwa sufuria ya maharage hiyo ni hasara tupu, kwa sababu methani inawaka vizuri jikoni jinsi ilivyo.

Wapo wanaoifanya kazi hii kwa haki. Katika mji wa Fukuoka, Japani, tangu mwaka 2015 bayogesi ya mtambo wa kusafisha majitaka imekuwa ikichujwa, ikavunjwa kwa mvuke na kujazwa kwenye magari ya haidrojeni, na mtambo ulijengwa kutoa hadi kilo 300 kwa siku. Lakini angalia walichokuwa nacho kabla ya kuanza: majitaka ya mji mzima yanayofika kwa bomba, mtambo wa bayogesi uliokwisha kujengwa, chuo kikuu na makampuni ya uhandisi ya kushirikiana nayo, na magari yanayodai haidrojeni na si kitu kingine. Haidrojeni ilikuwa chumba cha mwisho kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Nije kwenye mitungi, na hapa nakuomba usome polepole. Kilo moja ya haidrojeni kwa hewa ya kawaida ya Dar es Salaam hujaza zaidi ya lita 12,000. Gesi ya mitungi tunayopikia hugeuka kimiminika kwa shinikizo dogo, ndiyo maana kilo 15 zake zinaenea kwenye mtungi unaobebeka begani. Haidrojeni haigeuki kimiminika kwa kubanwa tu, hata uibane namna gani katika joto letu. Ni lazima ipozwe hadi nyuzijoto 253 chini ya sifuri. Ukiijaza kwenye mtungi wa kilo 15 kwa shinikizo lile ambalo mtungi huo huwa nalo kwa kawaida, utapata gramu 25 hivi za haidrojeni, ambazo kwa kupikia ni sawa na gramu 60 au 70 za gesi ya kawaida. Hazitoshi hata kuivisha maharage. Mtu akishaliona hilo, kishawishi kinachofuata ni kuongeza shinikizo, na mtungi ule haukutengenezwa kwa ajili hiyo. Magari ya haidrojeni hubeba gesi kwa shinikizo la mara 700 ya hewa ya kawaida, ndani ya matangi yaliyosukwa kwa nyuzi za kaboni, na matangi hayo hupimwa moja moja.

Haidrojeni yenyewe haina rangi wala harufu, na mwali wake mchana hauonekani; mtu anaweza kuuingiza mkono motoni bila kujua. Inawaka ikiwa asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, na inaendelea kuweza kuwaka hadi ifike asilimia 75, wakati gesi ya mitungi huacha kuwaka ikizidi asilimia 10 hivi. Cheche ndogo kuliko ile ya nguo ya nailoni inatosha kuiwasha. Hata kichocheo chenyewe kinatosha: mwaka 1823 Mjerumani Johann Döbereiner aliupuliza mkondo wa haidrojeni juu ya platinamu yenye vinyweleo ikashika moto bila kiberiti, akatengeneza taa kwa ugunduzi huo. Tena molekuli zake ni ndogo mno, hupenya kwenye viungo vinavyozuia gesi nyingine, na huingia ndani ya baadhi ya vyuma vigumu vikawa vyepesi kuvunjika. Wenzako sita wana familia. Usijaze haidrojeni kwenye mtungi wa kupikia, wala usimruhusu fundi yeyote akushawishi kwamba kubadilisha koki kunatosha.

Kuhusu bajaji, habari ni nzuri kidogo. Injini ya bajaji haina haja ya haidrojeni, na magari ya seli za haidrojeni, yale yanayotengeneza umeme humo humo, yanadai gesi safi kiasi kwamba kaboni monoksidi isizidi sehemu 0.2 katika milioni. Lakini bajaji za gesi asilia unaziona barabarani Dar es Salaam kila siku, na gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, ile ile iliyomo kwenye bayogesi yako. Ikiondolewa salfa, kaboni dioksidi na unyevu, methani yenu inaweza kubanwa na kuziendesha. Bado ni kazi ya kampuni yenye leseni, kompresa na matangi yaliyokaguliwa, wala si ya uani, ila ni kazi inayofanyika duniani kwa kawaida na isiyohitaji kichocheo cha bei kubwa.

Umeuliza kichocheo kinapatikana wapi. Vidonge vya nikeli huuzwa na watengenezaji wachache wakubwa kwa viwanda vya mbolea na vya mafuta, kwa tani, na vyuo vikuu huagiza gramu chache kutoka kwa wauzaji wa kemikali za maabara. Hufika vikiwa oksidi ya nikeli, na lazima vipashwe ndani ya haidrojeni kwanza ndipo viamke. Vikishaamka na kukutana na hewa ghafla huweza kupata moto, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huleta saratani ya mapafu. Kwa hali yenu ya leo sioni sababu ya kuvitafuta. Fedha ambayo ingenunua kilo moja ya vidonge na kinu cha kuviwekea, itieni kwenye tangi la bayogesi.

Kwa tani moja kwa siku mtahitaji tangi la meta za ujazo 80 hadi 100, si lile dogo la nyumba moja. Kituo cha CAMARTEC, kile cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kule Arusha, kina uzoefu wa miaka mingi wa kujenga mitambo ya bayogesi ya samadi. Waendeeni, lakini waambieni wazi kwamba chenu ni chakula, kwa sababu chakula kina tabia tofauti na samadi. Kinaoza kwa kasi. Mkililisha tangi wali na ugali kwa wingi siku za mwanzo, asidi itawashinda watengeneza methani, harufu itabadilika kuwa kali kama ya togwa iliyopitiliza, na moto utazimika. Dawa yake ni kuanza na samadi nyingi ya ng'ombe, kuongeza chakula kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kuwa na chokaa karibu. Gesi yenyewe ipitisheni kwenye pipa lililojazwa vipande vya chuma chembamba vilivyoshika kutu kabla haijafika jikoni. Kutu huishika ile salfa, na ikichoka huwa nyeusi, mkaibadilisha. Pipa hilo hilo ndilo litakalomwokoa mwenye nikeli, siku mkimpata.

Kinachotoka upande wa pili wa tangi msikimwage. Protini ya kilo 250 za mabaki makavu ina nitrojeni kama kilo 6 hadi 8, na karibu yote inabaki kwenye tope, tayari kwa bustani za mchicha. Hilo linaniambia pia ni wapi haidrojeni ingekuwa na maana kwetu: haidrojeni ikiunganishwa na nitrojeni ya hewa hutoa amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea ya urea, na hakuna gesi nyingine inayoweza kuifanya kazi hiyo. Kama siku moja mji wetu utakuwa na mitambo ya bayogesi inayopokea tani mamia kwa siku, nitakuwa wa kwanza kusema tujenge kinu cha nikeli pembeni yake. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na mashule, magereza na hospitali yanahitaji moto usiotokana na kuni. Mteja wenu wa kwanza yuko huko. Uzito wa jambo hili tuliuona pia Agosti 2024, dampo la Kiteezi nje kidogo ya Kampala lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Chakula kinachozikwa kwenye dampo hutoa methani hiyo hiyo, ila hutoka hovyo na kupanda angani bila kumpikia mtu.

Kabla hujamlipa fundi yeyote, nunua daftari na mizani ya kilo 100. Kwa siku thelathini, kila guta linapoingia, andika uzito wa jumla, uzito wa plastiki na takataka nyingine mlizozitoa, na mahali mzigo ulikotoka, kwa kuwa mzigo wa soko la matunda hautafanana na wa mama lishe. Mara moja kwa wiki chukua kilo moja iliyochanganywa vizuri, ikatekate, ianike kwenye bati safi hadi isipungue tena uzito, uandike kilichobaki. Mweleze kila mama lishe awe na ndoo mbili, moja ya chakula na moja ya mengineyo, na mpeleke ndoo hizo ninyi wenyewe. Daftari likijaa, nitumie namba zake, nami nitakukokotolea ukubwa wa tangi na gesi mtakayoipata kwa namba zenu wenyewe, badala ya hizi za makadirio.